Baba mdogo aliharibu shamba, nami nikamtazama

SWALI

Hujambo Mwalimu? Nakuandikia kutoka Molo, Kaunti ya Nakuru. Nina miaka 29. Nililelewa na nyanya yangu, mama yake mama, huko Kakamega, kwa hiyo Molo nilikuwa naijua ya likizo tu. Baba alipofariki miaka mitatu iliyopita, na duka nililokuwa nikiliwekea hesabu Nairobi likafungwa, nilionelea nije nisimamie sehemu yetu ya shamba. Ni ekari nne, hazijagawanywa. Mwenye usemi ni baba mdogo.

Mwalimu, huyu mzee ni mpumbavu. Najua neno ni zito, lakini nimetafuta lingine nikalikosa. Tukivuna viazi, vikubwa vyote vinauzwa, na vile vidogo vidogo ndivyo anavyoweka mbegu, mwaka nenda mwaka rudi, bila kujali vimetoka kwa shina zima au gonjwa. Broka akija na lori anapakia lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, baba mdogo anahesabu magunia na kupokea pesa. Siku moja niliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani nikapima gunia moja: kilo 118. Tulilipwa bei ya gunia, basi. Nilipomwonyesha alisema, "Mizani hailipi karo." Nikimwambia tuhifadhi kidogo tungoje bei ipande, jibu ni lile lile siku zote: "Cha ghalani si chako."

Msimu uliopita ndio ulionimaliza. Mashina ya viazi yalianza kunyauka mchana huku majani yakiwa bado kijani. Jioni yanainuka kidogo, kesho yake yanalala zaidi. Baba mdogo akasema ni jua, akafungulia maji ya mfereji yapite kutoka juu hadi chini. Yalipozidi kulala akanunua dawa ya ugonjwa mwingine, bakajani, ya pesa nyingi, akapiga shamba zima. Mimi nilikuwa nimeshasoma kuhusu mnyauko wa bakteria na nikajua ndio huo. Sikusema kitu. Nilikuwa nimechoka kupuuzwa, nikasema moyoni, wacha ajionee. Baada ya wiki mbili nusu ya shamba ilikuwa imelala. Tulipochimba, viazi vilikuwa vinatoa ute mweupe machoni na udongo umegandia hapo.

Nina daftari. Tangu nije naandika kila kosa lake na kile ninachojifunza, kwa sababu kila akikosea mimi huenda kutafuta jinsi inavyotakiwa. Nimefika kurasa 60 hivi. Kusema kweli nimejifunza humo kuliko nilivyojifunza chuoni. Langu mimi ni kosa moja tu: Januari nilipanda maharagwe kule bondeni karibu na mto, nikawa nayamwagilia kwa mkono, yakaungua yote na sakitu, ile baridi ya kugandisha, usiku mmoja. Alikuwa amenikataza, lakini hakueleza sababu.

Rafiki yangu ananiambia, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Huyo mzee ndiye chuo chako, kaa ujifunze." Mama naye anataka nirudi Nairobi kabla akili yangu haijaoza. Kuna siku najisikia nimekuwa mwerevu sana kwa ajili ya huyu mzee, na kuna siku najiona nimekuwa mtu mbaya. Nikae nijifunze kutokana na upumbavu wake, au niondoke kabla sijawa kama yeye?

Binti wa Molo


JIBU

Binti yangu,

Nitaanza na daftari, kwa sababu lilinifurahisha. Rafiki yako hakukosea aliposema umepata chuo. Kule ulikosomea, jibu lilikuja kabla hujawa na swali. Uliandika, ukafanya mtihani, ukasahau. Hapo Molo swali limekuja kwanza, tena limekuja likiwa limebeba hasara, na mtu aliyeona viazi vya kwao vikitoa ute machoni halali kabla hajajua ute ule ni nini. Kama baba yako mdogo angekuwa anafanya kila kitu sawasawa, ungemfuata tu nyuma na jembe, na hadi leo ungekuwa hujui kwa nini maji ya mfereji ni hatari kwa shamba lenye mnyauko. Leo unajua kuwa ugonjwa ule hukaa udongoni, husafiri na maji, na mbegu, na jembe, na hata matope ya viatu, na kwamba hakuna dawa ya kunyunyiza inayouponya. Hayo umeyapata kwa kumtazama mtu akikosea. Usiyaonee haya.

Lakini daftari lako limekosa kitu. Nitakueleza kwa jambo lililonipata mimi.

Nilifundisha hesabu shule za msingi kwa miaka mingi, huku Njoro na Rongai. Mwaka mmoja darasa la tano, mtoto mmoja aliandika kuwa 0.25 ni kubwa kuliko 0.3. Nikaweka mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa. Kesho yake akaandika vile vile, nikaweka mkasi tena, na maneno makali juu yake. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka, na nadhani uchovu ndio ulioniokoa, maana badala ya kugomba nilimuuliza, "Kwa nini unasema hivyo?" Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua. "Mwalimu, 25 si inashinda 3?"

Nilikaa chini. Ni mimi niliyekuwa nikisimama ubaoni kila siku nikisoma "sufuri nukta ishirini na tano". Yule mtoto alisikia ishirini na tano, akailinganisha na tatu, akapata jibu ambalo mtu yeyote mwenye masikio angelipata. Tangu siku ile nilisoma "sufuri nukta mbili tano", na nikawa nawaambia watoto kwanza wagawe chapati vipande kumi, kisha kila kipande wakigawe tena mara kumi, ndipo tuandike. Miaka yote niliyokuwa nikipiga mikasi sikujifunza kitu. Nilijifunza asubuhi ile moja niliyouliza.

Daftari lako, binti yangu, lina mikasi kurasa 60. Halina "kwa nini".

Chukua mbegu. Unasema anaweka vidogo. Kiazi cha mbegu kinachofaa ni cha ukubwa wa yai la kuku hivi, kinapandwa kizima, hakikatwi, na kisu kisipopita hakuna ugonjwa wa kubebwa na kisu. Kwa hiyo mkono wake unapochagua kidogo badala ya kikubwa haujapotea kabisa. Umepotea mahali pamoja: anachagua baada ya kuvuna, wakati shina limeshakauka na huwezi kujua hiki kidogo ni kidogo kwa kuwa ni cha mwisho kukua, au ni kidogo kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Dawa yake ni kuchagua shamba likiwa bado na maua. Unapita na vijiti, unachomeka kwenye mashina yenye nguvu peke yake, na wakati wa kuvuna unachimba yale ya vijiti kwanza na kuyatenga. Na shamba lililopata mnyauko halitoi mbegu hata kidogo, uweke vijiti au usiweke. Unaona tofauti kati ya kumwambia mzee "unakosea" na kumwambia "baba, tuchague hivi hivi vidogo, ila tuchague mapema"? La pili anaweza kulimeza.

Chukua lumbesa. Hapo wewe ndiye uliye sawa, na sheria iko upande wako: kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Gunia lako la kilo 118 ni magunia mawili na zaidi kwa bei ya moja. Lakini sikiliza alivyokujibu. Hakusema mizani ni ya uongo, alisema hailipi karo. Maana yake broka anakuja na pesa mkononi siku ambayo shule inataka pesa, na yeye peke yake hana nguvu ya kumwambia broka arudi kesho. Hiyo si shida ya hesabu. Jirani aliyekuazima mizani ana viazi pia, sivyo? Nyumba tano zikikataa kujaza kupita kilo 50 siku moja, lori halitaondoka tupu.

Sasa "cha ghalani si chako". Hapa nataka uende polepole. Kwanza kuna kiazi chenyewe. Kama mnapanda aina ya Shangi, kama wengi huko, basi ile haina subira. Ikishavunwa haikai sana kabla haijachipua, na ghala la kawaida lenye joto na mwanga litakuharibia mzigo ukingali unangoja bei. Hapo mimi namuunga mkono. Pili kuna jambo ambalo wewe, kwa kulelewa Kakamega, huenda hulibebi mwilini kama wenyeji wa huko. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliikumba Molo vibaya sana, na haikuwa mara ya kwanza; 1992 pia watu walikimbia hapo wakiacha kila kitu. Nyumba zilichomwa na maghala yakachomwa. Mimi sijui baba yako mdogo alipoteza nini. Sikuambii kuwa ndiyo sababu. Nakuambia kuna watu wa rika lake ambao neno hilo kwao si methali, ni kumbukumbu ya usiku fulani, na kwamba wewe umeishi naye miaka mitatu na hujamuuliza. Muulize. Akinyamaza, mwache anyamaze.

Na maharagwe? Umeyataja haraka haraka kisha ukapita. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka usiku kama maji na kukusanyika bondeni. Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, mbingu ikiwa wazi bila wingu la kufunika, joto lote la udongo linapaa, na alfajiri unakuta majani ya kule chini meupe, jua likipiga yanakuwa meusi. Mzee anaujua mteremko ule kwa miaka. Alikukataza bila kukueleza, na pengine hawezi kueleza. Watu wengi wanaojua kitu kwa miguu hawana maneno yake. Ungeuliza "kwa nini si bondeni?" ungekula maharagwe. Uliandika kosa hilo kuwa lako, hilo ni jema, halafu ukamtupia yeye nusu kwa kusema hakueleza sababu. Lichukue lote.

Nije kwa lile ulilolipitia kwa sentensi tatu. "Sikusema kitu."

Kati ya nyinyi wawili mliosimama pale kwenye mfereji, mmoja hakujua na mmoja alijua. Asiyejua alifanya alichoweza: alileta maji, akatoa pesa akanunua dawa, ilikuwa dawa isiyofaa lakini alikuwa anahangaika kuokoa shamba. Aliyejua alifunga mdomo wiki mbili nzima ili apate kushinda. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa kabla ya kukujibu, kwa sababu sitaki kukuumiza, na kupuuzwa nakufahamu. Mwanamke msomi arudi nyumbani, kila akisema anaambiwa ameleta maneno ya Nairobi, inachosha, na inakausha moyo. Lakini shamba lilikuwa la marehemu baba yako pia. Chakula kilikuwa chako. Na siku zile mbili tatu za mwanzo, wakati mashina yaliyolala bado yalikuwa ya kuhesabika, mngeweza kuyang'oa pamoja na udongo wake, mkayatoa nje ya shamba, mkafunga mfereji. Yaliyobaki yasingepona yote, lakini si ajabu mngevuna zaidi ya nusu.

Je, siku ile iko daftarini? Nadhani haimo. Iandike leo.

Rafiki yako alikutajia wembe. Methali ile haikusema mtazame mwenzako akinyolewa. Ilisema utie maji, kwa sababu wembe unakuja kwako. Na kwenu hata kuja hauji, upo tayari. Ekari nne zisizogawanywa ni kichwa kimoja, akinyolewa yeye umenyolewa wewe.

Zile siku unazojiona mtu mbaya, usizifukuze. Ndizo zilizokufanya uniandikie. Ujinga wa mtu mwingine unakupa macho kwa muda, kisha ukianza kuufurahia unakufumba. Ulikuwa unajifunza vizuri mpaka pale ulipotaka akosee. Kuanzia hapo hukuwa unatafuta jibu tena, ulikuwa unangoja ushahidi. Umemwita mpumbavu na umesema umekosa neno jingine. Lipo. Mjinga ni asiyejua, na kutojua kunatibika. Mpumbavu ni yule aliyeambiwa, akaonyeshwa, akaelewa, akakataa. Baba yako mdogo kuhusu mnyauko hajaambiwa. Huna haki ya kulitumia neno hilo bado.

Kwa hiyo, kukaa au kuondoka? Nakuomba ukae msimu huu mmoja, masika haya, lakini si kwa namna uliyokaa. Kwanza nenda kwake, usiende na daftari, ukae chini, umwambie: "Baba, ule ugonjwa niliutambua mapema na nikanyamaza kwa hasira. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Anaweza kukasirika, na ana haki. Anaweza pia kukushangaza.

Kisha zungumzeni shamba. Nusu iliyonyauka isione kiazi, wala nyanya, wala biringanya, wala pilipili, kwa misimu kadhaa; pandeni mahindi, ngano, karoti au kabichi, na kila kiazi kinachoota chenyewe humo king'olewe. Majembe yanayotoka huko yaoshwe kwa maji ya klorini kabla ya kuingia nusu nyingine. Mbegu ya msimu uliopita msiipande mahali popote. Mbegu iliyothibitishwa ni ghali, najua, lakini ADC, lile shirika la serikali la kuendeleza kilimo, wanazalisha hapo hapo Molo. Nunueni hata gunia moja, mpande kisehemu kisafi, kiwe ndicho chanzo chenu cha kuweka vijiti. Omba kisehemu hicho kiwe mikononi mwako. Mzee atakupa kipande kidogo kwa urahisi kuliko kukupa sikio, na mavuno yake yatazungumza siku ya kupima.

Akiambiwa haya yote, akaonyeshwa, na bado akabeba mbegu gonjwa kuipeleka upande safi, hapo niandikie tena na tutazungumza kuhusu wazee wa ukoo, mirathi ya baba yako na kugawanya ekari. Hakuna anayekudai uteketee ili ujifunze.

Kuna jambo moja zaidi la kufanya, na lifanye wiki hii, kabla ya mvua. Maotea ya viazi, yaani vile vinavyoota vyenyewe, lazima yatakuwepo kwenye ile nusu iliyokufa. Mchukue baba yako mdogo mwende pamoja, mtafute shina lililonyauka. Likate karibu na udongo, upate kipande cha urefu wa kidole. Jaza maji safi katika gilasi inayoonyesha, lining'inize shina ndani yake kwa uzi au kijiti, upande uliokatwa chini ukigusa maji kidogo tu, na msiitikise. Ngojeni dakika chache. Kama ni mnyauko, nyuzi nyeupe nyembamba zitaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama moshi unaoenda chini.

Usimwambie anachokitazama. Muulize yeye anaona nini, na uandike jibu lake.

Wako,
Mwalimu